Gertrude Elion: Mwanamke aliyewapa wagonjwa wa figo dawa mbili

NI vigumu kuingia katika duka la dawa la mji wowote wa mpakani, iwe Namanga, Mutukula, Rusumo, Tunduma au Kasumbalesa, ukatoka bila kuona matunda ya kazi ya Gertrude Elion na wenzake. Vidonge vya Septrin, alopurinoli ya wenye ugonjwa wa gauti, mafuta ya asikloviri ya kupaka malengelenge ya mdomoni, na hata Fansidar ambayo Tanzania iliitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2001 hadi 2006, zote zina kiungo kilichotoka katika maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani. Mwanamke huyu alifanya kazi katika maabara hiyo kwa miaka 39.

Hata hivyo, jina lake halijulikani sana katika nchi zetu. Hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa, wala hakuwahi kupata shahada ya uzamivu kwa kuisomea darasani. Lakini dawa mbili kati ya zile alizoshiriki kuzitafuta zina uhusiano wa pekee. Ya kwanza iliwezesha binadamu kuishi na figo ya mtu mwingine. Ya pili ilikuja kuwaokoa watu hao hao kutokana na tetekuwanga na mkanda wa jeshi, maradhi ambayo kwa mwenye figo ya kupandikizwa yanaweza kuwa mauti.

Binti wa daktari wa meno

Gertrude Belle Elion alizaliwa Januari 23, 1918 katika jiji la New York. Wazazi wake wote wawili walikuwa wahamiaji. Baba yake, Robert, alitoka Lithuania akiwa na umri wa miaka 12, akasoma hadi akawa daktari wa meno. Mama yake, Bertha, alivuka bahari akiwa na miaka 14 akitokea sehemu ya Urusi ambayo baadaye ikawa Poland. Alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka mdogo aliyempita kwa miaka sita.

Familia hiyo iliishi vizuri hadi mwaka 1929, masoko ya hisa yalipoporomoka na baba akapoteza mali yake. Msichana huyo alikuwa hodari darasani na aliyapenda masomo yote kwa usawa, asijue la kuchagua. Alipofikisha miaka 15, babu yake aliyempenda sana alifariki dunia kwa saratani. Alimshuhudia mzee huyo akidhoofika kwa maumivu bila mtu wa kumsaidia, na hapo akaamua kusoma kemia ili aje kutafuta dawa.

Bahati ilikuwa kwamba Chuo cha Hunter kilisomesha wasichana bure, vinginevyo safari yake ingeishia hapo. Alihitimu mwaka 1937 akiwa na miaka 19, kwa alama za juu kabisa.

Milango iliyofungwa

Baada ya chuo ndipo alipokutana na ukuta. Aliomba nafasi za kuendelea na masomo kwa msaada wa fedha katika vyuo vingi, vyote vikamkatalia. Ajira zilikuwa haba, na pale zilipokuwapo waajiri hawakutaka mwanamke katika maabara. Alijiunga na chuo cha uhazili kwa majuma machache, akafundisha wauguzi kwa miezi mitatu, kisha akakubali kumsaidia mkemia mmoja bila mshahara ili tu asikae mbali na maabara. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa akilipwa dola 20 kwa wiki.

Kwa akiba hiyo aliingia Chuo Kikuu cha New York mwaka 1939. Katika darasa lake la kemia alikuwa mwanamke peke yake. Mchana alifundisha sayansi katika shule za sekondari kama mwalimu wa muda, na usiku na mwisho wa wiki alifanya utafiti wake. Mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili.

Mwaka huo huo ulimletea msiba mwingine. Mchumba wake, Leonard Canter, alifariki kwa maambukizi ya bakteria katika moyo. Penisilini, ambayo ingeweza kumponya, ilikuwa bado haijawafikia wagonjwa wa kawaida. Gertrude hakuolewa tena maisha yake yote.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume jeshini, viwanda vikalazimika kuwaajiri wanawake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima ukali wa achari na rangi ya viini vya mayai ya kutengenezea mayonezi katika kampuni ya vyakula. Alijifunza alichoweza, akaona hakuna jipya, akaondoka.

Mwaka 1944 alikwenda Tuckahoe, nje kidogo ya New York, kuomba kazi Burroughs Wellcome. Aliyemwelekeza huko ni baba yake, ambaye alikuwa akipata sampuli za dawa za maumivu za kampuni hiyo katika kliniki yake ya meno. Mkemia George Hitchings akamwajiri kuwa msaidizi wake. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa miongo kadhaa.

Alijaribu pia kusomea uzamivu jioni, akisafiri kwa treni hadi Brooklyn baada ya kazi. Baadaye chuo kikamtaka aache kazi asome kutwa. Akachagua kazi.

Kuidanganya chembe

Wakati ule dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha. Watafiti walijaribu kitu hiki na kile hadi kimoja kifanye kazi. Hitchings na Elion walishika njia nyingine. Walijua kwamba kila chembe hai, iwe ya mwili, ya bakteria au ya saratani, inahitaji vinasaba vipya kila inapogawanyika. Vinasaba hujengwa kwa malighafi maalumu, na mojawapo huitwa purini. Wazo lao lilikuwa kutengeneza purini bandia, inayofanana sana na ile ya kweli. Chembe ikiipokea, ujenzi unakwama, kama fundi aliyeuziwa saruji isiyoshika.

Mwaka 1951 Elion alipata merkaptopurini, na mwaka 1953 serikali ya Marekani iliidhinisha itumike kwa watoto wenye saratani ya damu. Kabla ya hapo wengi wa watoto hao walikufa ndani ya miezi michache. Dawa hiyo peke yake iliwaongezea muda tu, kisha ugonjwa ukarudi, na vifo hivyo vilimuumiza sana. Lakini ilipochanganywa na nyingine, hali ilibadilika. Leo katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye aina kuu ya saratani hiyo hupona.

Mlango wa figo

Msomaji akumbuke kwamba hadi wakati huo kupandikiza figo kulikuwa karibu ndoto. Desemba 23, 1954 mjini Boston, daktari Joseph Murray na wenzake walifanikiwa kuhamisha figo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa pacha wake wa kufanana. Ilikubali kwa sababu mwili wa mgonjwa haukuitambua kuwa ngeni. Kwa asiye na pacha wa namna hiyo, askari wa kinga ya mwili waliivamia figo mpya na kuiharibu. Madaktari walijaribu kuua kinga hiyo kwa mionzi ya mwili mzima, na wagonjwa wengi wakafa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Robert Schwartz wa Boston aligundua kwamba sungura waliopewa merkaptopurini hawakuweza kutengeneza kinga dhidi ya kitu kigeni kilichoingizwa mwilini mwao. Habari hizo zilimfikia daktari kijana wa upasuaji wa Uingereza, Roy Calne, aliyeijaribu dawa hiyo kwa mbwa waliopandikizwa figo. Mbwa hao waliishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1960, akiwa njiani kwenda kufanya kazi na Murray, Calne alipita Tuckahoe kuuliza kama kulikuwa na dawa nyingine iliyo bora zaidi.

Ilikuwapo. Elion na wenzake walikuwa wametengeneza ndugu wa merkaptopurini aitwaye azathioprini, ambaye baadaye aliuzwa kwa jina la Imuran. Mwaka 1962 timu ya Murray iliitumia kwa mgonjwa aliyepewa figo ya mtu aliyefariki, asiye na undugu naye, na figo hiyo ikafanya kazi kwa zaidi ya mwaka. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, azathioprini ikisaidiana na dawa za jamii ya kotizoni ndiyo iliyobeba upandikizaji wa figo duniani. Zimekuja dawa nyingine baadaye, lakini azathioprini bado inatumika.

Mgeni asiyealikwa

Dawa inayowatuliza askari wa kinga ili wasiivamie figo huwatuliza pia mbele ya maadui wa kweli. Mmoja wa maadui hao ni kirusi cha tetekuwanga.

Kwa mtoto mwenye afya, tetekuwanga ni homa ya siku chache, malengelenge na kujikuna. Mtoto hupona, lakini kirusi hakiondoki. Hujificha katika mizizi ya neva kandokando ya uti wa mgongo na kulala humo kwa miaka mingi. Kinga ikidhoofika kwa uzee, maradhi au dawa, huamka na kufuata njia ya neva hadi kwenye ngozi. Hapo hutokea malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, ndiyo mkanda wa jeshi. Kwa hiyo maradhi haya mawili ni ya kirusi kimoja, jambo ambalo mtafiti Thomas Weller wa Marekani alilithibitisha katika miaka ya 1950.

Kwa aliyepandikizwa figo, mkanda wa jeshi ni jambo la kawaida. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wa waliopandikizwa viungo huupata katika miaka minne ya mwanzo. Kwa baadhi yao hauishii upande mmoja, bali husambaa mwili mzima, huingia jichoni, au huacha maumivu ya miezi na miaka.

Hatari kubwa zaidi ni kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuugua tetekuwanga utotoni, akaipata baada ya kupandikizwa. Kirusi kinaweza kushuka hadi kwenye mapafu, ini na ubongo, na kuvuruga damu isigande inavyotakiwa. Wakati mwingine maumivu makali ya tumbo au mgongo hutangulia kabla ya lengelenge hata moja kuonekana, na daktari hudhani ni ugonjwa mwingine. Jambo hili linatuhusu sisi wa nchi za joto, kwa kuwa huku watu wengi zaidi hufikia utu uzima bila kuugua tetekuwanga kuliko katika nchi za baridi.

Kazi iliyosubiri miaka 20

Mwaka 1948, Elion na wenzake walikuwa wameona dalili kwamba moja ya purini zao bandia inazuia virusi. Ilikuwa kali mno kwa mgonjwa, wakaiweka kando. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba dawa ya virusi haiwezekani. Kirusi huishi ndani ya chembe ya mtu na kutumia mitambo yake, hivyo kukipiga ni kumpiga mgonjwa mwenyewe.

Elion aliirudia kazi hiyo mwaka 1968, akiwa tayari mkuu wa idara. Mwaka 1970 kampuni ilihamia jimbo la North Carolina naye akahama nayo. Mkemia Howard Schaeffer wa kampuni hiyo alitengeneza molekuli za namna mpya, John Bauer akazipima dhidi ya virusi huko Uingereza, na timu ya Elion ikatafuta kujua zinavyofanya kazi mwilini. Mwaka 1974 wakaipata asikloviri, inayojulikana pia kwa jina la Zovirax.

Siri yake ni ya kushangaza. Asikloviri ikiingia katika chembe nzima hulala tu, haina madhara makubwa. Lakini ndani ya chembe iliyovamiwa, kirusi huleta kimeng'enya chake chenyewe, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoiamsha dawa. Ikishaamka, inazuia kirusi kutengeneza vinasaba vipya. Ni sawa na mwizi anayevunja kufuli na kwa kufanya hivyo akalifungulia bomu lililotegwa kwa ajili yake.

Mwaka 1983 daktari Henry Balfour na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba asikloviri ya kuingizwa kwenye mshipa inazuia mkanda wa jeshi usisambae kwa watu wenye kinga dhaifu, wakiwamo waliopandikizwa viungo. Mwaka huo huo ndio Elion alistaafu. Wagonjwa wa figo waliofunguliwa mlango na azathioprini sasa walikuwa na kinga dhidi ya mgeni aliyeingia kupitia mlango huo huo.

Sifa zilizochelewa

Alfajiri moja ya Oktoba 1988 simu ililia nyumbani kwake. Mwandishi wa habari alimpongeza kwa kupata Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwanzoni alidhani ni mzaha. Aliipokea pamoja na Hitchings na Mwingereza James Black. Chuo cha Brooklyn alichokiacha kilimpa shahada ya heshima ya uzamivu mwaka uliofuata, na mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani.

Wanafunzi wake wa maabara nao hawakulala. Walikuwa miongoni mwa walioonyesha katikati ya miaka ya 1980 kwamba dawa ya AZT inaweza kuzuia virusi vya UKIMWI.

Kwake yeye, kilichomgusa zaidi kilikuwa barua za wagonjwa na wazazi waliomshukuru. Alizihifadhi. Alipenda opera, kupiga picha na kusafiri, na hata baada ya kustaafu aliendelea kufundisha vijana. Alifariki dunia Februari 21, 1999 huko Chapel Hill, North Carolina, akiwa na umri wa miaka 81.

Alichotuachia

Upandikizaji wa figo si habari ya Boston peke yake tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam iliufanya kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Mulago ya Kampala mwaka 2023. Kabla ya hapo na hata baada yake, wengi wamekwenda India na kurejea na figo ya ndugu, begi la dawa na makaratasi ya hospitali. Wengine wamerudi katika biashara zao, wakivuka mpaka kila wiki.

Kwao maisha ya Elion yana mafunzo ya moja kwa moja. La kwanza ni kuuliza kabla ya upasuaji kama mgonjwa aliwahi kuugua tetekuwanga, na kupima damu pale panapowezekana. Chanjo ya tetekuwanga ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Hutolewa mapema kabla ya kupandikizwa, angalau majuma manne, na baada ya hapo kwa kawaida haitolewi. Chanjo mpya ya mkanda wa jeshi iliyotoka mwaka 2017 haina kirusi hai, na baadhi ya nchi zimeiruhusu kwa wenye kinga dhaifu.

La pili ni muda. Aliyepandikizwa figo akikaa na mtoto mwenye tetekuwanga, asisubiri malengelenge. Amwone daktari wake mara moja, kwani yapo ya kufanya katika siku za mwanzo. Malengelenge yakitokea, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, ambako asikloviri hutolewa kwa mshipa ikiwa ugonjwa ni mkali. Mafuta ya kupaka hayatoshi. Vilevile dawa hiyo hutoka mwilini kupitia figo, hivyo kipimo chake hupangwa kulingana na nguvu ya figo, si kwa kukisia kaunta. Wala mgonjwa asiache mwenyewe dawa za kulinda figo kwa hofu ya tetekuwanga. Uamuzi wa kuzipunguza ni wa daktari.

La tatu ni tahadhari ambayo Elion mwenyewe aliifahamu vizuri. Alopurinoli ya gauti ilitafutwa kwanza ili izuie merkaptopurini isivunjwe haraka mwilini. Maana yake ni kwamba anayetumia azathioprini akinunua alopurinoli dukani bila ushauri, dawa ya kwanza hulimbikizana ndani yake hadi kuua chembe za damu. Kinga inayobaki huwa ndogo mno kukabili kirusi chochote. Daktari akilazimika kuzitoa pamoja, hupunguza sana kipimo cha azathioprini na kupima damu mara kwa mara.

Kwa hiyo anayevuka mpaka akiwa na figo ya kupandikizwa na abebe karatasi yenye majina ya dawa zake zote, na aionyeshe kila anapotaka kununua nyingine, awe Tunduma, Busia au Bujumbura. Elion alitumia miaka 39 akipima nini kinakutana na nini ndani ya chembe moja. Mgonjwa naye anastahili dakika tano za muuza dawa kuisoma karatasi hiyo.